PUMU YA FARASI HULETWA NA VUMBI LA BANDANI

Hotuba kwa wenye farasi na masaisi wao



Mtu anunuapo farasi hutazama miguu yake, meno yake na macho yake. Ni wachache wanaosimama kimya ubavuni mwake na kuzihesabu pumzi zake. Walakini farasi asiye na pumzi hana faida, hata miguu yake ikiwa imara kama chuma. Farasi mzima aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika moja, tena polepole, hata mtazamaji huona taabu kujua kama mbavu zake zinakwenda. Kila pumzi huingiza hewa ipatayo lita 5. Na farasi hana njia ya kuvutia hewa ila pua. Hawezi kupumua kwa kinywa kama afanyavyo mwanadamu au mbwa. Kwa hiyo lolote lililo mbele ya pua yake, liwe jema au baya, huingia kifuani mwake mchana na usiku.

Hotuba hii yahusu ugonjwa mmoja uletwao na hewa hiyo, nao ni pumu ya farasi. Shabaha yake yaweza kusemwa kwa maneno machache. Pumu hii haiambukizwi na farasi mwingine. Aghalabu hutoka katika banda, na katika chakula ambacho mtu amempa mnyama wake kwa nia njema. Na kwa kuwa mkono wa mtu ndio uliouleta, mkono huo huo ndio uwezao kuuzuia.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1698 tabibu Mwingereza aitwaye John Floyer, ambaye yeye mwenyewe alisumbuliwa na pumu, alitoa kitabu juu ya maradhi hayo, na ndani yake akaeleza habari za farasi jike mwenye kukatika pumzi, ambaye mwili wake ulipasuliwa ili mapafu yatazamwe. Tangu zamani hizo waganga wa farasi waliupa ugonjwa huu majina mengi, mengine ya hali nyepesi na mengine ya hali nzito. Mwaka 2016 mabingwa wa udaktari wa mifugo walipendekeza kwamba hali zote ziitwe kwa jina moja, yaani pumu ya farasi, na zitofautishwe kwa uzito wake tu. Tena si ugonjwa wa nadra katika nchi za baridi. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba katika Uingereza farasi kama 14 katika kila 100 walikuwa na pumu ya namna ile nzito.

Pumu nyepesi huweza kumpata farasi wa umri wowote, hata kijana. Hukohoa mara moja moja, hasa anapoanza kula au anapoanza kazi. Huchoka upesi kuliko wenzake. Na baada ya kukimbia hukawia kurudi katika pumzi zake za kawaida. Wengi humwita mvivu, na wengine humpiga. Pumu nzito kwa kawaida huonekana kwa farasi aliyepita umri wa miaka 7. Huyu hutaabika hata akiwa amesimama bila kazi. Tundu za pua hupanuka. Kila atoapo pumzi tumbo hujikaza kwa nguvu ili kuisukuma hewa nje. Na kwa kuwa misuli ya tumbo hufanya kazi hiyo siku zote, hukua, mpaka mstari kama mfereji ukaonekana ubavuni. Hukonda, maana nguvu ya chakula chake huishia katika kazi ya kupumua.

Ndani ya kifua mambo matatu hutendeka pamoja. Misuli iliyozunguka mirija ya pumzi hujikaza na kuifanya myembamba. Ngozi ya ndani ya mirija hiyo huvimba. Kisha makohozi mazito hujaa na kuziba nafasi ndogo iliyobaki. Hewa huingia kwa shida, nayo hutoka kwa shida zaidi.

Hapa yafaa kutoa onyo. Pumu haileti homa. Farasi akikohoa na mwili wake uwe wa moto, au akikataa chakula, au akitoa usaha puani, au akiwa na povu puani na uvimbe juu ya macho, hiyo si pumu, na haifai kungoja hata siku moja; daktari wa mifugo aitwe mara moja.

VUMBI NI KITU GANI

Watu husema "vumbi" kana kwamba ni kitu kimoja. Vumbi la banda la farasi ni mchanganyiko. Ndani yake mna mbegu za kuvu, vipande vya vijidudu vilivyokufa pamoja na sumu yake, wadudu wadogo mno wakaao katika majani na nafaka, chavua ya maua, vipande vya majani yenyewe, na udongo. Zaidi ya hayo mna hewa kali ya amonia itokayo katika mkojo, ambayo huwasha macho na kuchoma mirija ya pumzi. Kila kimojawapo huumiza kwa namna yake, na vyote pamoja huumiza zaidi.

Katika hayo yote, adui mkubwa ni kuvu ya majani makavu. Mbegu moja ya kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus haizidi sehemu 2 au 3 za elfu moja za milimita. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, likatolewa kwa kupiga chafya na kukohoa. Lakini chembe iliyo ndogo kuliko sehemu 5 za elfu za milimita hupita vizuizi vyote, ikafika mwisho kabisa wa mapafu. Ndiyo maana vumbi lile lisiloonekana kwa macho ndilo la kuogopwa.

Kuvu hiyo huanzia shambani. Mwaka 1963 watafiti wa kituo cha kilimo cha Rothamsted, katika Uingereza, walitangaza habari za majaribio yao ya kufunga marobota ya majani yenye maji ya viwango mbalimbali. Majani yaliyofungwa yakiwa na maji sehemu 16 katika 100 hayakupata joto jingi wala kuvu nyingi. Yaliyokuwa na maji kama sehemu 25 yalipata joto, yakaota kuvu. Na yale yenye maji sehemu 40 au zaidi yalifikia joto la digrii 60 na kitu za sentigredi, na ndani yake vikastawi vijidudu vipendavyo joto. Robota likiisha kupoa na kukauka, kwa nje laweza kuonekana zuri. Lakini likifunguliwa na kutikiswa, mbegu za kuvu hutoka kama moshi.

Kwa hiyo mkulima wa Kenya afungaye nyasi zake kwa haraka kwa sababu mawingu ya masika yametanda, na mwenye farasi anunuaye marobota hayo kwa sababu bei yake ni nafuu, wote wawili wanatayarisha ugonjwa ambao wataulipia baadaye. Robota zuri ni jepesi, lina harufu tamu ya majani, na ndani yake ni baridi. Robota baya ni zito, lina harufu ya uvundo, na mkono ukitiwa katikati huona joto, au hukuta majani yaliyoshikamana yenye rangi nyeupe au kahawia. Walakini hata majani yanayoonekana safi yana mbegu za kuvu kidogo, na kwa farasi ambaye kifua chake kimekwisha kuharibika, hizo kidogo zatosha.

PUA NDANI YA MAJANI

Mtu akisimama mlangoni mwa banda husema, "Hewa humu ni safi." Asemalo laweza kuwa kweli mahali pale aliposimama. Lakini farasi hapumui hewa ya mlangoni. Yeye hutia pua katika majani na kuyavutavuta kwa saa nyingi, hivyo kila pumzi yake hupitia katikati ya vumbi. Watafiti waliopima vumbi karibu kabisa na pua ya farasi alaye majani makavu wameona kwamba ni jingi mara nyingi kuliko lile la hewa ya chumba kizima. Wavu wa majani uliotundikwa juu huongeza madhara, kwa kuwa vumbi humwangukia usoni. Tena farasi aliye kifungoni, ambaye kichwa chake kimezuiwa kisiiname, hawezi kuyatoa makohozi yake. Uumbaji wake ni kuinamisha kichwa anapokula, na makohozi yateremke yenyewe.

Jambo jingine wasilolifikiri wengi ni jirani. Farasi mgonjwa aweza kupewa chakula kisicho na vumbi na malalo safi, na bado akakohoa, kwa sababu farasi wa chumba cha pili anakula majani yenye kuvu, na ukuta uliopo kati yao haukufika darini. Hewa haina mpaka. Ama lile ghala la majani lililo juu ya vichwa vya farasi, chini ya paa moja, hilo humwaga vumbi kila saisi anaposhusha robota.

KWA NINI HUYU AUGUE NA YULE ASIUGUE

Farasi kumi huweza kula majani ya robota moja, na mmoja tu akapata pumu. Mwenye farasi hushangaa, na pengine humshuku saisi kwamba amemtendea vibaya yule mmoja. Sababu moja imo katika damu. Uchunguzi uliofanywa katika Uswisi ulionyesha kwamba mtoto wa farasi mwenye pumu, kwa baba au kwa mama, ana hatari ipatayo mara tatu kuliko mtoto wa wazazi wazima. Na wazazi wote wawili wakiwa na ugonjwa, hatari huzidi. Basi mwenye kuzalisha farasi asiangalie mbio tu. Aulize pia habari za kifua.

Lakini damu peke yake haileti ugonjwa. Farasi aliyezaliwa na udhaifu huo aweza kuishi miaka mingi bila kukohoa akikaa katika hewa safi. Na yule aliyekwisha kuugua haponi kabisa, hutulia. Akirudishwa kwenye majani yenye kuvu, hata baada ya miezi mingi ya afya, shida hurudi kwa saa chache au siku chache.

MALISHO NA USIKU WA AFRIKA

Dawa iliyo bora kuliko zote ni kumwacha farasi malishoni, chini ya mbingu. Katika nchi za Ulaya daktari husema tu, "Mtoeni nje mchana na usiku." Katika Kenya neno hili lina shida yake. Hapa uko ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, uenezwao na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, warukao tangu magharibi mpaka alfajiri. Ugonjwa huo huwaua farasi wengi sana wasiochanjwa. Kwa ajili hiyo ni desturi njema kuwaingiza farasi bandani kabla ya jua kutua na kuwafungulia baada ya kupambazuka, pamoja na kuwachanja.

Basi mwenye farasi wa Kenya yuko kati ya maadui wawili: nje usiku wako usubi, na ndani yako mavumbi. Asimkimbie mmoja na kuangukia mikononi mwa mwingine. Chanjo na banda la usiku vibaki kama vilivyo. Ila banda lenyewe lisafishwe, liwe na hewa, na mchana wote farasi awe nje. Madirisha yaweza kutiwa wavu wenye matundu madogo sana, kuwazuia usubi na kuruhusu hewa. Nao wavu huo ufagiliwe mara kwa mara, usije ukazibwa na vumbi lenyewe.

Yafaa kusema pia kwamba malisho si dawa kwa kila farasi. Katika majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani, kama vile Louisiana na Florida, ambako kiangazi huwa na joto na unyevu mwingi, kuna farasi wapatao pumu wakiwa malishoni, nao hupata nafuu wakitolewa katika malisho hayo na kuwekwa bandani penye hewa safi. Kwa hiyo mtunzaji mwenye akili huangalia farasi wake mwenyewe: ugonjwa huzidi wakati gani, mahali gani, na baada ya chakula gani? Aandike katika daftari. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

KAZI YA KILA SIKU

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi, ila yahitaji bidii.

Kwanza, chakula. Majani makavu ya farasi mwenye kifua kibaya yazamishwe katika maji safi kwa muda wa nusu saa, yachuruzike, kisha apewe yangali mabichi kwa maji. Yasiachwe kukauka tena horini, na maji yaliyotumika yamwagwe, yasitumiwe mara ya pili wala asiyanywe mnyama. Kuyaloweka kwa saa nyingi hakufai, kwa kuwa nguvu ya chakula hutoka pamoja na maji, na vijidudu huongezeka. Wenye uwezo hutumia sanduku maalumu la kupitisha mvuke mkali katika majani, ambao huua kuvu. Birika moja la maji ya moto lililomwagwa juu ya majani halifanyi kazi hiyo. Majani mabichi yaliyokatwa siku ile ile, au chakula kilichoshindiliwa kuwa punje, ni bora zaidi. Lakini ifahamike kwamba majani yenye kuvu hayatakaswi kwa maji. Hayo ni ya kutupa.

Pili, mahali pa kulisha. Chakula kiwekwe chini, au katika hori la chini, ili kichwa kiiname.

Tatu, malalo. Mabua ya ngano yaliyooza kwa mkojo ni nyumba ya kuvu. Maranda ya seremala yasiyo na unga mwingi ni mazuri zaidi. Malalo ya namna yoyote yasiachwe kurundikana wiki baada ya wiki; kilicholowa kitolewe kila siku. Saisi akiinama mpaka kimo cha pua ya farasi na macho yake yakawasha, ajue kwamba farasi amekwisha kuwashwa kabla yake.

Nne, wakati wa kusafisha. Kamwe banda lisifagiliwe farasi akiwa ndani. Atolewe kwanza, malalo yageuzwe, sakafu inyunyizwe maji kidogo ndipo ifagiliwe, kisha vumbi liachwe litulie kabla ya kumrudisha. Na kupigwa brashi kuwe nje, si chumbani.

Tano, ghala. Marobota yawekwe katika jengo lake, mbali na banda, juu ya mbao ili yasiguse ardhi, na chini ya paa lisilovuja.

Sita, uwanja wa mazoezi. Wakati wa kiangazi unyunyizwe maji, na farasi mwenye pumu asiongozwe nyuma ya wengine katika vumbi lao.

Haya yote yamfaa punda pia, maana naye huweza kupatwa na ugonjwa huu. Na punda wengi hulala katika vibanda vidogo visivyo na dirisha.

DAWA NA MIPAKA YAKE

Ziko dawa za kupunguza uvimbe wa mirija, na ziko za kuifungua inapojikaza. Nyingine hudungwa, nyingine huliwa, nyingine huvutwa puani kwa chombo maalumu. Siku farasi anapohangaika, dawa hizo huokoa maisha yake. Lakini ni kazi ya daktari wa mifugo kuchagua na kupima, kwa kuwa nyingine zina madhara, na dawa za pumu za watu zisitolewe kwa kubahatisha. Zaidi ya hayo, dawa haitoi vumbi bandani. Anayemdunga farasi sindano asubuhi na kumpa majani yenye kuvu jioni ni sawa na mtu achotaye maji katika mashua bila kuziba tundu.

Tena subira yatakiwa. Vumbi likiondolewa, farasi huanza kupata nafuu kwa siku kadhaa, lakini kifua kuponyoka vema huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Wako wabadilishao chakula kwa siku mbili, wakaona kikohozi kingalipo, wakasema, "Maneno ya daktari hayana maana," wakarudia desturi yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KIFUA CHA SAISI

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1932 daktari aitwaye Campbell alieleza habari za wakulima wa Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, waliopatwa na shida kubwa ya pumzi baada ya kushughulika na majani yenye kuvu. Ugonjwa wao ulikuja kuitwa pafu la mkulima. Na vile vijidudu vipendavyo joto vilivyoonekana katika majani ya Rothamsted vilitambuliwa kuwa miongoni mwa visababishi vyake. Si ugonjwa ule ule wa farasi, lakini chanzo chake ni robota lile lile.

Farasi hukaa bandani usiku. Saisi huingia bandani alfajiri, akatikisa majani, akageuza malalo, akafagia, chumba baada ya chumba, mwaka baada ya mwaka. Vumbi linalomkohoza mnyama wa thamani halichagui. Humwingia na mtu. Saisi aonaye kifua kinambana, au homa na baridi vikimpata jioni ya siku aliyofungua majani yenye kuvu, aende hospitali na kumwambia daktari waziwazi kazi aifanyayo. Asifiche kwa kuogopa kupoteza kazi. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na mwenye farasi ampe kitambaa au barakoa nzuri ya kuziba pua na kinywa, wala asimlazimishe kufungua marobota yaliyooza kwa sababu tu yamekwisha kulipiwa.

Aghalabu saisi ndiye wa kwanza kusikia kikohozi, maana yuko hapo saa kumi na moja alfajiri wakati mwenye mali angali amelala. Na mwenye mali ndiye mwenye uwezo wa kukataa majani mabaya, kutoboa dirisha, na kuhamisha ghala. Mmoja ana masikio, mwingine ana fedha. Wasiposikilizana, farasi atauzwa kwa bei ya hasara au atapigwa risasi, na robota jingine lenye kuvu litaletwa kwa farasi atakayemfuata.

Basi kesho asubuhi, kabla ya farasi kulishwa, saisi na bwana wake wasimame pamoja ubavuni mwa kila mmoja, kwa saa mkononi, wazihesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, na kuandika hesabu hiyo. Kisha wafungue robota moja juani, walitikise, na watazame kitakachoruka.